Kiongozi Mwema Atapimwa na Nani? Uchambuzi wa Fikra za Confucius

Jina la Confucius si geni tena masikioni mwa vijana wetu. Mwaka 2013 Taasisi zenye jina lake zilifunguliwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Dodoma, na wenzetu wa Nairobi walikuwa wamekwisha kutangulia mwaka 2005. Humo hufundishwa lugha ya Kichina, na hilo ni jambo jema. Lakini ukimwuliza mwanafunzi aliyemaliza kozi hizo Confucius mwenyewe alifundisha nini, aghalabu utajibiwa kwamba alikuwa mzee mwenye hekima aliyewataka watu wawaheshimu wakubwa wao. Kwa kada jibu hilo halitoshi. Fikra zilizotumika kuwaandaa watawala wa dola kubwa kwa takriban miaka elfu mbili hazina budi kuchambuliwa kama tunavyochambua itikadi nyingine yoyote: zilizaliwa katika hali gani, zilimfaa nani, na kama zina jambo ambalo sisi tulio katika kazi ya kuwaandaa viongozi hatuwezi kulipita bila kulijibu. Tunaamini jambo hilo lipo.

Confucius alizaliwa mwaka 551 kabla ya Kristo katika dola ndogo ya Lu, ambayo leo ni sehemu ya jimbo la Shandong. Utaratibu wa kale wa wafalme wa Zhou ulikuwa umevunjika. Wakuu wa dola ndogo ndogo walipigana wao kwa wao, na ndani ya Lu yenyewe koo tatu kubwa zilikuwa zimempokonya mtawala madaraka zikamwachia cheo kitupu. Chini ya ugomvi huo uchumi nao ulikuwa ukibadilika: mwaka 594 Lu ilianza kutoza kodi kwa kipimo cha shamba, dalili ya kwamba namna ya zamani ya kulimia mabwana ilikuwa inakufa. Confucius mwenyewe alitoka katika tabaka la chini la makabaila, watu wenye elimu na jina lakini wasio na mali. Baba yake alifariki yeye akiwa mtoto mdogo. Alishika kazi kadhaa za serikali ya Lu, kisha akaondoka, akazunguka dola baada ya dola kwa miaka ipatayo 14 akimtafuta mtawala atakayekubali ushauri wake. Hakumpata. Alirudi nyumbani, akafundisha, akafa mwaka 479. Maneno yake yalikusanywa na wanafunzi wake na wanafunzi wao.

Hali hiyo ya maisha yake inaeleza mengi. Mtu asiye na ardhi wala jeshi, mwenye elimu tu, ataamini kwamba dunia inaweza kutengenezwa kwa kumfundisha mwenye jeshi awe mwema. Confucius alipoona vita na dhuluma, alisema watawala wamepoteza maadili. Hakuuliza ni kitu gani kilichokuwa kinabadilika katika mashamba.

Hata hivyo itakuwa makosa kumtupa hapo. Fikra kuu aliyoifundisha inaitwa kwa Kichina ren. Watafsiri wengine huiita upendo, wengine wema. Kwa Kiswahili tunalo neno linaloikaribia kuliko hayo: utu. Alama ya maandishi yake imeundwa kwa alama ya mtu na alama ya mbili, kana kwamba mwandishi wa kale alitaka kusema kuwa utu hauwezi kuonekana kwa mtu aliye peke yake. Inasimuliwa kuwa siku moja zizi la farasi liliungua yeye akiwa kazini. Aliporudi aliuliza kama kuna mtu aliyeumia. Juu ya farasi hakuuliza. Ikumbukwe kwamba farasi siku zile alikuwa na thamani kubwa, na waliohudumu zizini walikuwa watu wa chini kabisa.

Fikra ya pili inatuhusu zaidi sisi wasemaji wa Kiswahili kuliko tunavyodhani. Mtu mwadilifu Confucius alimwita junzi, neno ambalo maana yake ya asili ni mwana wa bwana, yaani aliyezaliwa katika ukoo unaotawala. Yeye alilichukua neno hilo akaligeuza: junzi ni yule mwenye mwenendo bora, hata kama amezaliwa maskini, na mwana wa bwana asiye na mwenendo huo si junzi. Neno letu muungwana limepita njia hiyo hiyo. Zamani huko pwani muungwana alikuwa aliyezaliwa huru, kinyume cha mtumwa. Leo tukimwambia mtu kuwa ni muungwana hatuulizi alizaliwa na nani. Tunausifu mwenendo wake. Ni badiliko kubwa, na kwa kiasi fulani ni la kimapinduzi, kwani mtu akishakubali kuwa ubora hautokani na damu, ngome moja ya ukabaila imeshabomoka. Confucius alilitimiza hilo kwa vitendo: alipokea wanafunzi bila kubagua asili zao, na ada ya chini aliyotaja ilikuwa fungu la nyama kavu. Kutokana na fikra hiyo ulikuja kuzaliwa mfumo wa mitihani ya utumishi wa serikali, ambao ulidumu, ukikatizwa hapa na pale, mpaka ulipofutwa mwaka 1905. Ulaya ilikuwa bado inagawa vyeo kwa ukoo wakati mtoto wa mkulima wa China, kwa nadra lakini kwa haki, aliweza kuwa waziri.

Lakini neno huwa halisahau tumbo lililolizaa. Muungwana wa zamani alihitaji mtumwa ili aonekane muungwana, na junzi naye ana kinyume chake, anayeitwa mtu mdogo. Mwanafunzi mmoja aitwaye Fan Chi alimwomba Confucius amfundishe kilimo. Confucius alimjibu kuwa mkulima mzee anajua zaidi, na Fan Chi alipotoka nje, mwalimu akamwita mtu mdogo mbele ya wenzake. Akaeleza kwamba wakubwa wakipenda adabu na haki, watu watakuja wenyewe wakiwa na watoto mgongoni, sasa kilimo cha nini? Hapa tabaka linasema kwa sauti yake lenyewe. Wakulima wanatajwa kama watu watakaokuja. Nani aliwalisha wanafunzi wake mtama walipokuwa wakijadili adabu, mwalimu haulizi.

Tuje sasa kwenye utawala. Mafundisho yake hapa ni makali kuliko sifa yake ya upole. Mkuu wa ukoo mmoja ulionyakua madaraka ya Lu alimlalamikia juu ya wezi. Confucius alimwambia kuwa kama yeye mwenyewe asingekuwa na tamaa, watu wasingeiba hata kama wangelipwa ili waibe. Mwanafunzi wake Ran Qiu alipoajiriwa na ukoo huo huo akawasaidia kukusanya kodi zaidi, ingawa walikuwa na utajiri kuliko Mkuu wa Zhou, Confucius alimkana hadharani akawaruhusu wanafunzi wengine wampigie ngoma na kumshambulia. Alipoulizwa serikali inahitaji nini, alitaja chakula, silaha na imani ya watu. Akaulizwa kiachwe kipi kwanza, akasema silaha. Kisha? Chakula. Imani ya watu ikitoweka, alisema, hakuna serikali inayoweza kusimama. Sisi tunaofundisha uongozi tungependa kila ofisa ayasikie haya kabla hajakabidhiwa muhuri.

Juu ya yote hayo aliweka fundisho la kunyoosha majina. Mtawala awe mtawala kweli, waziri awe waziri, baba awe baba, mwana awe mwana. Wengi wamelisoma kama amri ya kila mtu kukaa mahali pake, na watawala walipenda lisomwe hivyo. Lakini lina makali upande wa pili. Kama mtawala hafanyi kazi ya mtawala, basi jina halimstahili. Jina ni dai juu ya mwenye jina kabla halijawa dai juu ya wengine.

Swali ni moja: nani atakayesema kwamba jina halimstahili?

Hapo ndipo tunapokutana na mahusiano matano yaliyoorodheshwa na Mencius, mfuasi wake mkubwa wa karne ya nne kabla ya Kristo: baba na mwana, mtawala na waziri, mume na mke, mkubwa na mdogo, rafiki na rafiki. Manne kati ya hayo yana wa juu na wa chini. Mwanzoni kila upande ulikuwa na wajibu wake, na wa juu alidaiwa kama wa chini. Lakini chini ya nasaba ya Han, itikadi hiyo ilipofanywa kuwa ya dola, mahusiano matatu yalivutwa mbele na kuitwa kamba kuu: mtawala juu ya waziri, baba juu ya mwana, mume juu ya mke. Wajibu wa wa chini ukawa sheria yenye adhabu, wajibu wa wa juu ukabaki nasaha. Mwanamke ndiye aliyelipia zaidi ya wote.

Kuna kisa ambacho kila tunapokifikia darasani hugawa wanafunzi wetu nusu kwa nusu. Mkuu wa eneo moja alijisifu kwa Confucius kuwa kwake wako watu wanyofu: mtu mmoja alimshitaki baba yake mwenyewe kwa kuiba kondoo. Confucius alijibu kuwa kwao unyofu ni tofauti. Baba humficha mwana na mwana humficha baba. Ndugu wengine darasani husema, dola inayomgeuza mtoto kuwa mpelelezi wa mzazi wake imekwisha kupoteza utu, na hawakosei. Wengine husema, huu ndio mlango wa upendeleo na kulindana, na hawakosei vile vile. Lakini katika kisa chote hicho hakuna hata mmoja, si mkuu wala Confucius, anayemwuliza mwenye kondoo. Huyo hamo katika mahusiano matano. Si baba wa mtu, si waziri, si rafiki. Ni mtu tu ambaye kondoo wake hayupo zizini. Sisi tungemwita mwananchi, na fikra za Confucius hazina jina lake.

Jinsi dola lilivyolitumia fundisho hilo inaonyesha lilimfaa nani. Sheria ya nasaba ya Tang ya mwaka 653 iliwaruhusu ndugu wa karibu kufichiana makosa, na kumshitaki mzazi likawa kosa la kuuawa. Ruhusa hiyo ilikuwa na mipaka yake: haikuhusu uasi na uhaini. Kondoo wa jirani aliweza kufichwa. Aliyetishia kiti cha mfalme hakuweza.

Tusiseme hakuna aliyeliona tatizo hili. Mencius aliliona. Yeye alifundisha kwamba wananchi ndio wenye uzito mkubwa katika nchi na mtawala ana uzito mdogo kuliko wote, na kwamba mtawala dhalimu akiuawa hakuuawa mfalme, ameuawa mtu mmoja mwovu. Hilo ndilo fundisho la kunyoosha majina likifikishwa mwisho wake. Na tuone lilivyopokewa. Zhu Yuanzhang, aliyeanzisha nasaba ya Ming mwaka 1368, hakuwa mwana wa kabaila. Alikuwa mtoto wa mkulima fukara aliyefiwa na wazazi katika njaa na maradhi ya mwaka 1344, akaombaomba kwa jina la utawa, kisha akajiunga na waasi. Kama kuna mfalme aliyepaswa kumpenda Mencius, ni yeye. Badala yake alikasirishwa mno na kitabu hicho, na mwaka 1394 ukatolewa mpya uliopunguzwa, vifungu 85 vikiwa vimekatwa, kile cha uzito wa wananchi kikiwa miongoni mwao. Mitihani isitungwe kutoka humo. Baadaye, yeye akiwa amekwisha kufa, kitabu kamili kilirudi, lakini tendo lile lilikuwa limeonyesha wazi kwamba asili ya mtu peke yake haimlindi na tabia ya kiti alichokalia.

Hapa inafaa tuseme neno juu ya kampeni ya mwaka 1974 ya kumkosoa Lin Biao na Confucius. Lin Biao, aliyekuwa amepangwa kumrithi Mwenyekiti Mao, alikuwa amekwisha kufa katika ajali ya ndege huko Mongolia mwaka 1971. Confucius alikuwa amekufa kabla yake kwa zaidi ya miaka 2,400. Wafanyakazi na wakulima waliitwa mikutanoni kuwashutumu wote wawili, na vijitabu vilichapwa kwa lugha za kigeni vikimwita Confucius msemaji wa mabwana wa watumwa. Wengi wameamini kuwa aliyelengwa hasa ni Waziri Mkuu Zhou Enlai. Yale waliyoandika juu ya Fan Chi na dharau ya kazi ya mikono yalikuwa sahihi. Kosa lilikuwa kwamba walipokwisha kulitaja tabaka la mtu, walifunga jalada. Uchambuzi wa kitabaka ukitumiwa hivyo unakuwa kama muhuri wa karani. Haukuwasaidia kujibu kwa nini wafalme waliolitumikia tabaka lile lile waliona haja ya kuvikata vifungu vya kitabu chao wenyewe.

Mfumo wa Confucius haukukosa kabisa chombo cha kumkosoa mkubwa. Kilikuwapo: waziri mwaminifu alikuwa na wajibu wa kumwonya mtawala, na ilikuwapo idara nzima ya wakaguzi kwa kazi hiyo. Lakini mkaguzi aliteuliwa, alilipwa, alicharazwa viboko na kufukuzwa na huyo huyo aliyemkagua. Mwaka 1566 Hai Rui, ofisa wa Ming aliyejulikana kwa kukataa rushwa, alimwandikia mfalme Jiajing waraka wa kumlaumu kwa kuacha kazi za nchi na kushughulikia matambiko ya kutafuta kuishi milele. Inasimuliwa kuwa kabla ya kuupeleka alinunua jeneza akaiaga familia yake. Alitiwa gerezani, akafunguliwa mfalme alipofariki mwaka uliofuata. Wachina wamemsifu Hai Rui kwa karne nne, na anastahili. Ila sisi tunaona kuwa jeneza lile linatoa ushahidi juu ya serikali ile kuliko juu ya Hai Rui. Nchi inayohitaji shujaa ili mfalme aambiwe amechelewa kazini ina kasoro ambayo ushujaa hauwezi kuiziba.

Kisa hicho hakikwisha mwaka 1566. Mwezi Aprili 1959 Mao mwenyewe aliwahimiza wenzake waige moyo wa Hai Rui. Julai mwaka huo huo, huko Lushan, Waziri wa Ulinzi Peng Dehuai alimwandikia barua ya kukosoa makosa ya Hatua Kubwa Mbele, akaondolewa cheo. Mwanahistoria Wu Han aliandika mchezo wa kuigiza juu ya kufukuzwa kwa Hai Rui. Mwezi Novemba 1965 mchezo huo ulishambuliwa katika gazeti la Shanghai, na shambulio hilo likafungua njia ya Mapinduzi ya Utamaduni. Wu Han alifia kizuizini mwaka 1969. Mapinduzi ya mwaka 1949 yalikuwa yamebadilisha umilikaji wa ardhi, jambo ambalo Confucius hakuliwaza, lakini mahali pa anayemwonya mkubwa palikuwa pale pale.

Msomaji wa hapa kwetu atakumbuka kuwa Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilishika njia nyingine. Masharti yake ya uongozi hayakuanza na moyo wa kiongozi. Yalianza na hisa, mishahara na nyumba za kupangisha. Moyo wa muungwana hauhesabiki, lakini nyumba ya kupangisha inahesabika, na jirani yeyote anaweza kuihesabu bila kununua jeneza. Masharti hayo yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991, na mjadala wake una mahali pake. Tunataja tu kwamba yalikuwa jibu la swali ambalo Confucius aliliacha wazi.

Liko jibu jingine, na wanafunzi wa vyuo vya makada wanapaswa kulijua kwa kuwa lilitolewa katika chuo cha makada. Mwezi Julai 1939, huko Yan'an, Liu Shaoqi alitoa mihadhara juu ya namna ya kuwa mkomunisti mwema. Alichota kwa Confucius bila kuficha: namna mzee huyo alivyoeleza kukua kwake mwenyewe umri baada ya umri, na desturi ya mwanafunzi wake Zengzi ya kujihoji nafsi kila siku. Liu alisema mwanamapinduzi naye lazima ajilime nafsi, ila afanye hivyo ndani ya mapambano, pamoja na umma, asifanye peke yake chumbani. Ni kazi nzuri. Mamilioni waliisoma. Na mwandishi wake hakuwa malaika: mwaka 1959 alikuwa upande wa waliomhukumu Peng Dehuai.

Mwaka 1967 kitabu hicho kilishutumiwa nchi nzima kuwa ni sumu ya Confucius. Liu alikuwa bado Rais wa Jamhuri. Inasimuliwa kuwa mwezi Agosti, waliomzingira walipokuwa wakimdhalilisha, aliinua mkononi nakala ya Katiba akadai haki ya cheo chake na ya raia wa kawaida. Mtu aliyekuwa amewafundisha wengine kujilima nafsi, siku ile alishika sheria. Mwezi Oktoba 1968 alifukuzwa katika Chama. Alifariki tarehe 12 Novemba 1969 mjini Kaifeng, mgonjwa na bila matibabu ya kutosha, na maiti yake ikachomwa kwa jina lingine, Liu Weihuang. Mahali pa kazi, karani aliandika kuwa hana kazi. Mwezi Februari 1980 Kamati Kuu ya Chama ilimrudishia heshima yake, na jina lake likaanza tena kuandikwa lilivyokuwa.